Ng'ombe wa kilo 300 hatibiwi kwa mililita 10

Mfugaji anajaza OTC, antibiotiki ya kutibu magonjwa ya bakteria, kwenye bomba la sindano la mililita 10, anamchoma ng'ombe mara moja, kazi imekwisha. Kesho mnyama anachangamka kidogo, keshokutwa amelala tena, na lawama zote zinakwenda kwa dawa: "Za siku hizi ni feki." Dawa feki zipo, sikatai. Lakini kabla ya kulaumu duka, tukague kwanza kipimo.

OTC, yaani oksitetrasaiklini, hupimwa kwa uzito wa mnyama, si kwa ukubwa wa bomba ulilonalo. Chupa zilizozoeleka ni za asilimia 10 na za asilimia 20, na kwa kawaida lebo zote mbili husema mililita 1 kwa kila kilo 10. Hapo ndipo watu wanapopotea, kwa sababu mililita ni zilezile lakini dawa si ileile. Ya asilimia 20 inayokaa muda mrefu mwilini, iliyoandikwa LA, ina miligramu 200 katika kila mililita, na sindano moja hufanya kazi kwa siku tatu hivi. Ya asilimia 10 ya kawaida ina miligramu 100 na hudumu saa 24 tu, hivyo hurudiwa kila siku kwa siku 3 hadi 5, saa ileile. Ukichoma leo saa moja asubuhi, kesho ni saa moja asubuhi, si jioni ukirudi sokoni. Jirani yako aliyechoma mara moja na ng'ombe akapona alitumia LA. Wewe uliyechoma ya kawaida mara moja umetibu siku moja, ukawaachia vimelea siku zilizobaki. Soma chupa kabla hujavuta dawa, na lebo ikisema tofauti na nilivyoandika hapa, fuata lebo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ng'ombe wa kilo 300 anahitaji mililita 30, nawe umempa 10, theluthi moja tu. Chupa ya mililita 100 unayodhani itatosha ng'ombe kumi inatosha watatu, tena kwa dozi moja tu kila mmoja. Hizo 30 zigawe sehemu tatu za msuli wa shingo, usizidishe mililita 10 mahali pamoja. Wala usiongeze maji ili chupa ifike mbali!

Na uzito usiukadirie kwa macho. Zungushia kamba kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha pima kamba hiyo. Futi ya fundi cherehani huishia sentimita 150 na ng'ombe wengi wanazidi hapo. Pima pia urefu kuanzia ncha ya bega hadi mfupa wa tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Mwenye kifua cha sentimita 160 na urefu wa 130 anakaribia kilo 307.

Kwa nini nakazania hivi? Dozi pungufu huua vimelea dhaifu na kuacha vile vyenye uwezo wa kuhimili dawa. Hivyo ndivyo vinavyozaliana, na vingine hupitisha uwezo huo kwa bakteria wa aina nyingine kabisa. Kupitia samadi, mikono na maziwa yasiyochemshwa, vinafika kwa familia yako, na hospitalini watu nao hutibiwa kwa dawa za jamii hizohizo. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alionya juu ya dozi pungufu mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel. Hadi leo tunalirudia kosa lilelile zizini.

Wafuga kuku nanyi mnalo lenu: "kijiko kimoja kwenye ndoo", yaani antibiotiki ya unga kwenye maji ya kunywa, kila wiki, hata kuku wakiwa wazima. Acheni. Kuku 200 wa kilo moja na nusu ni kilo 300, sawa na yule ng'ombe. Wakiwa vifaranga wa siku moja, wenye gramu 40, ni kilo 8 tu. Kijiko kilekile kitawatoshaje wote? Pimeni unga wa dawa kwa mizani ya gramu, changanyeni maji mapya kila siku, na msikatishe dozi kwa sababu vifo vimepungua. Na kama ugonjwa ni kideri, huo ni wa virusi, hautibiki kwa antibiotiki yoyote.

Joto likishuka na mnyama akianza kula na kucheua, dawa imefanya kazi. Bado malizia dozi, na maziwa yasiuzwe hadi siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo zipite. Kumpa dozi ndogo hakukuruhusu kuzifupisha.

Ikiwa siku ya tatu bado ana homa, usibadilishe dawa kwa kubahatisha. Huenda ni ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, ambao OTC haiuponyi. Mwite afisa mifugo achukue sampuli ipelekwe Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, wenye vituo Arusha, Iringa na Mwanza, na umwonyeshe chupa uliyotumia na saa ulizochoma.