Mikanda ya jipsamu ikatwe karakana
Fundi wa patisheni (kuta za kugawa vyumba, fremu iliyofunikwa bodi za jipsamu), ile mikanda myembamba ya kufunika ncha za ukuta na pembeni mwa milango usiikatie saiti juu ya ndoo ya rangi, vumbi likiingia kwenye chai ya watu. Ikate karakana, mezani. Fremu ya milimita 70 yenye bodi ya unene wa 12 kila upande inataka mkanda wa 94. Bodi ya upana wa 1200 inakupa mikanda 12. Chana karatasi ya mbele kwa kisu, vunja, malizia ya nyuma. Isafirishe imelazwa juu ya ubao; ikisimamishwa kwenye pikapu pembe zinameguka. Lakini pima fremu kwanza. Mimi nilikata 40 za 94, fremu zikaja za 50.