Wakili wa bure ni wakili wako, mbane hivi

Watu wengi wakipewa wakili wa msaada wa kisheria wanaogopa hata kumuuliza swali, eti kwa kuwa ni wa bure. Acha hizo. Hapa Tanzania Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu 2017, na siri zako anatakiwa kuzitunza hata kama ofisi yake inalipiwa na mfadhili.

Siku ya kwanza nenda na makaratasi yote, samansi, mkataba, meseji za simu, halafu muulize kabisa we ni wakili au msaidizi wa kisheria? Maana msaidizi atakuelekeza vizuri tu ila hawezi kusimama mahakamani kwa niaba yako. Muulize pia kama ashawahi kumsaidia mpinzani wako, kesi za mirathi unakuta ndugu wote wamepita ofisi ileile na kila mmoja kamwaga ya moyoni, akisema ndio omba mwingine.

Akitaka kukubali suluhu bila kukuuliza kataa, kesi ni yako. Akiomba hela ya soda usitoe, peleka malalamiko kwa msajili wa watoa msaada wa kisheria, na tarehe ziandike kwenye daftari.