Somo: kupima ukali wa kiharusi kabla ya kufika hospitali

Wenzangu wa ambulensi hapa Kisumu, naandika somo hili kwa sababu nimechoka kuulizwa jambo lile lile kwa simu usiku wa manane.

Kwanza, pima sukari. Ikishuka mno, huiga kiharusi.

Pili, hesabu alama za LAMS, kipimo cha ukali wa kiharusi kinachoangalia uso, mikono na mshiko. Uso ukipinda, 1. Mgonjwa anyooshe mikono yote miwili kwa sekunde 10: mmoja ukishuka polepole, 1, ukianguka papo hapo, 2. Mshiko ukiwa dhaifu, 1. Usipokuwepo kabisa, 2. Jumla ikifika 4 au 5, shuku kwamba mshipa mkubwa umeziba, na uipigie simu hospitali yenye mashine ya CT, ya kupiga picha ya ubongo, kabla hamjaondoka.

Tatu, andika saa ambayo mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho, wala si saa alipokutwa ameanguka. Hapa ndipo nilipoharibu. Mama mmoja wa upande wa Ahero aliagana na mwanawe saa nne usiku akiwa mzima, akakutwa alfajiri hawezi kuinua mkono, nami nikaandika "saa 4" bila neno jingine. Tulipofika saa moja na nusu asubuhi, daktari aliisoma kwa hesabu ya Kiingereza, yaani saa kumi alfajiri, akaona zimepita saa tatu na nusu tu, akaanza kuandaa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo hutolewa ndani ya saa nne na nusu. Zilikuwa zimepita tisa na nusu! Mwanawe ndiye aliyetusahihisha. Tangu siku hiyo naandika 22:00, na tarehe pia.

MASWALI

Mwanachama wa Bondo: Nimpe aspirini kwanza?

Jibu: Hapana. Alama hazitofautishi mshipa ulioziba na uliopasuka. Kinachotofautisha ni picha ya CT. Wala asimeze chochote. Tafadhali soma somo tena: sikutaja kidonge, na sikusahau.

Muuguzi wa Molo: Je, mkono ukiwa umelemaa tangu kiharusi cha zamani?

Jibu: Umeuliza vyema, dada. Waulize wa nyumbani mkono huo uliweza nini jana, kisha uandike hali ya jana na ya leo, kwa kuwa alama peke yake itamdanganya daktari. Andika pia maneno yakipotea au macho yakielekea upande mmoja, kwani LAMS haiyapimi.

Dereva wa Nakuru: Mimi hubeba mfuko mzima wa dawa za mgonjwa.

Jibu: Vizuri sana, hasa akiwa anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Chukua na nambari ya simu ya aliyemwona mwisho, maana mara nyingi huyo hubaki nyumbani.