Kabla hujachanganya dawa za picha za kolodioni mbichi

Usinunue dawa hata moja kabla hujajua utazichanganyia wapi. Namna hii ya kupiga picha, aliyoitangaza Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851, inakutaka upake kioo kolodioni (dawa nzito inayoacha utando), ukitumbukize kwenye maji ya fedha (silva naitreti iliyoyeyushwa), upige picha na uisafishe kabla kioo hakijakauka. Una dakika kumi hivi, na kwenye joto la pwani ni pungufu ya hapo. Anayetafuta chupa huku kioo kinakauka ndiye anayechukua chupa isiyo yenyewe. Kila dawa iwe na mahali pake.

Vifaa: glovu za naitraili, aproni, mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, na miwani ya kujikinga inayofunga pande zote. Miwani ya kusomea haihesabiki. Vyombo vikishaingia kwenye kazi hii havirudi jikoni. Kila chupa iandikwe jina la dawa, kiasi na tarehe.

Maji ya bomba na ya kisima yaache. Ukiwa na shaka na maji uliyouziwa kuwa yamekenekwa, tia punje ya silva naitreti kwenye glasi yake. Yakigeuka meupe kama ukungu, yana kloridi, na yatakulia silva naitreti yako.

Kolodioni ni nitroselulosi iliyoyeyushwa kwenye etha na alkoholi. Etha huchemka kwenye nyuzi 34.6 za Selsiasi, na chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mchana wa Februari hakiko mbali na hapo. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa: unashuka sakafuni, unatambaa hadi kwenye jiko la chumba cha pili, kisha moto unarudi kwa njia hiyohiyo hadi kwenye chupa. Changanya alfajiri, nje au barazani, chupa zikiwa baridi, bila jiko, sigara wala swichi ya kuwasha na kuzima karibu. Nunua etha kidogo na uandike siku uliyoifungua, maana ikikaa na hewa hutengeneza peroksaidi zinazolipuka. Chupa ya zamani yenye fuwele kwenye kizibo usiifungue wala kuisogeza, waite wataalamu. Jiandae pia kwa makaratasi, kwa kuwa etha ni kemikali bashirifu (inayoweza kutumika kutengenezea dawa za kulevya) na haiuzwi kiholela.

Chumvi za kutia kwenye kolodioni ni iodidi, karibu gramu 1 kwa kila mililita 100, na bromidi kama nusu ya hiyo au zaidi kidogo. Bromidi ya potasiamu haipendi alkoholi, hivyo iyeyushe kwanza kwa maji machache sana. Maji yakizidi, kolodioni inaganda mapandemapande na utando hauketi vizuri kwenye kioo. Ukitumia chumvi za kadmiamu, usivute vumbi lake. Madhara yake hukaa mwilini miaka mingi. Iache chupa itulie hadi iwe safi. Ikigeuka kutoka manjano kwenda wekundu, iodini imeachiwa: itahitaji mwanga mwingi zaidi, na tofauti ya weusi na weupe kwenye picha itakuwa kali zaidi.

Maji ya fedha ni gramu 90 za silva naitreti kwa lita, yenye uasidi kidogo. Ngozi itabaki na madoa meusi kwa siku kadhaa, hilo si kitu. Jicho likirukiwa linaweza kupofuka. Usiweke amonia karibu nayo. Mabaki ya hizo mbili yakikauka hulipuka.

Dawa ya kusafishia, yaani ya kuitokeza picha kwenye kioo: maji mililita 355, feri salfeti (chumvi ya chuma, ferrous sulfate) gramu 15, asidi ya asetiki kali mililita 20, alkoholi mililita 18. Yeyusha chuma kwanza, chuja, kisha asidi, alkoholi mwisho. Asidi ndiyo inayofuata maji, kamwe si kinyume chake.

Sasa kukazia picha, yaani kuondoa fedha isiyopata mwanga ili picha isibadilike tena, na hapa ndipo watu wanapofia. Wengi hutaka potasiamu sayanaidi, gramu 15 kwa lita, kwa sababu hukaza haraka na kuipa picha rangi ya joto. Kioo cha kwanza na cha pili husuuzwa vizuri. Kufikia cha sita jua linashuka, mtu wa kupigwa picha amechoka kukaa, ndoo ina maji kidogo, na kioo kinamwagiwa mara moja tu. Nyuma yake na pembeni imebaki dawa ya kusafishia yenye asidi. Asidi ile inaingia kwenye trei ya sayanaidi, na inatoka gesi ya haidrojeni sayanaidi. Haionekani. Inanuka kama lozi chungu, lakini wapo wengi waliozaliwa bila uwezo wa kuinusa, kwa hiyo pua si kipimo.

Angalia trei. Ukiona doa la buluu kwenye ukingo wa kioo au chini ya trei, ni chuma cha dawa ya kusafishia kimekutana na sayanaidi. Chuma kilipofika, asidi imefika pia. Usifute ukaendelea, toka nje, kazi ya siku imekwisha. Kichwa kikiuma au pumzi zikienda mbio, toka na usirudi kufunika chochote. Trei ya nusu lita ina gramu 7.5, na robo gramu tu ikimezwa inaweza kumuua mtu mzima.

Anayeanza atumie haipo, yaani sodiamu thaiosalfeti, gramu 200 kwa lita. Inakaza polepole, rangi ya picha inakuwa baridi kidogo, na kioo kinahitaji kuoshwa nusu saa. Kubali hayo. Ila nawa kabla ya kurudi kwenye maji ya fedha, kwani tone la haipo huyaharibu.

Sayanaidi na dawa ya kusafishia visimwagwe kwenye sinki moja hata kwa saa tofauti. Kona ya bomba huhifadhi mabaki. Karatasi zenye kolodioni ziloweshwe na kuwekwa kwenye kopo la chuma nje. Taka za Tanzania, uliza Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kabla ya kumwaga. Usile humo ndani, usifanye kazi peke yako, watoto wasiingie, na mwenzako ajue majina ya dawa zote ili hospitalini asibaki kubahatisha.