SOMO: Kuvuka kizingiti na mtaro ukishagonga hamsini

Wakuu, kila wiki PM ileile: "Siku hizi najikwaa, nimezeeka?" Naandika mara moja tu.

1. Kiangalie kizingiti ukiwa bado hatua mbili nyuma.

2. Punguza mwendo, usisimame.

3. Mguu wa mbele: kunja goti, nyanyua vidole. Huu unauona, hausumbui.

4. Mguu wa nyuma. Hapa ndipo nilipoumia. Nilikuwa na miaka 51, ndoo mkononi, navuka kizingiti cha jikoni kwangu mwenyewe. Wa kulia ukapita. Wa kushoto ukanasa kwa ncha ya kandambili, nikadondokea kiganja: hogo (plasta ngumu ya mkono) wiki sita. Mguu huo huuoni, unauvusha kwa kumbukumbu tu. Na tukitembea kawaida, ncha ya kiatu hupita sentimita 1 hadi 2 tu juu ya ardhi. Mwili ukizoea kipimo hicho, kizingiti kinakudaka. Kwa hiyo kabla ya kuvuka uache nyuma kama nusu wayo. Ukiusogeza karibu mno na kizingiti, ncha inakigonga kabla goti halijakunjika. Vuta kisigino kuelekea matakoni.
ONYO: usiuzungushe kwa pembeni kama unapanda baiskeli, utayumba.
ONYO: usigeuke kumjibu mtu mpaka mguu wa pili utue.

5. Zoezi: ufito wa fagio juu ya matofali mawili, kando ya ukuta. Usiufunge, ukiugusa uanguke wenyewe, sio wewe. Mara kumi kila mguu.

MASWALI

— Mkuu, nifanyeje nisijikwae?
Namba 4.

— Daktari wangu kasema nisimame kwanza, wewe unasema nisisimame. Tushike lipi?
La daktari wako. Mimi naandikia mtu mwenye afya yake, sijamkataza mtu kumsikiliza daktari.

— Mguu mmoja umekuwa mzito ghafla tangu juzi. Namba 5 nifanye mara ngapi?
Usifanye hata moja. Nenda hospitali leo hii. Huo sio umri.

— Shikamoo mwalimu. Nikivaa miwani ya lenzi mbili ngazi zinaniyumbia, nikivua zinatulia. Ni macho au miguu?
Marahaba dada, umeuliza vizuri. Ni miwani. Kile kipande cha chini ni cha kusomea, kinaona vizuri kitu kilicho karibu kama kitabu mkononi. Ngazi iko mbali zaidi ya hapo, ukiitazama kupitia kipande hicho inaingia ukungu na hujui imeshuka kiasi gani. Inamisha kidevu utazame kupitia kipande cha juu cha lenzi. Kama unatembea sana nje, ulizia miwani ya mbali peke yake.

— Ahsante sana. Nilidhani magoti.

— Nachangia: kandambili iliyolegea ncha hujikunja chini. Mimi nilizitupa, na ukingo wa kizingiti nikaupaka rangi.
Hili nilisahau. Rangi gani, mkuu?

— Njano. Nilianza na nyeupe, ikashika vumbi ikafanana na saruji.