Baiskeli na Mbio za Vijiani Nairobi, Kuanzia Masika Hadi Vuli

Anayekimbia au kuendesha baiskeli kwenye vijia vya Nairobi hasumbuliwi sana na joto wala baridi, kwa kuwa jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hali yake ya hewa ni ya wastani kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kinachobadilika ni ardhi. Njia ileile ya msitu wa Karura ambayo mwezi wa Februari huwa ngumu kama sakafu, mwezi wa Aprili huwa uji, na ifikapo Julai hubaki na utelezi mwembamba usioonekana kwa macho. Ndiyo maana namshauri kila anayeanza ajifunze kwanza kuusoma udongo, kabla hajatumia fedha zake kwa viatu au kwa tairi jipya.

Upande wa kaskazini na magharibi, yaani Karura, msitu wa Ngong Road, Tigoni na Limuru, udongo ni mwekundu na hunyonya maji upesi, hivi kwamba jua la siku moja au mbili hutosha kuifanya njia ipitike. Kusini na mashariki, ukielekea Kitengela na Athi River, utakuta udongo mweusi wa mfinyanzi ambao ukiloa huvimba na kunata, na ukikauka hupasuka nyufa pana za kumeza gurudumu. Aprili moja nilijaribu kukata tambarare za Kitengela saa chache baada ya mvua. Sikufika mita mia mbili kabla matope hayajajaa kati ya tairi na foki, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, gurudumu likagoma kuzunguka. Niliyachokoa kwa kijiti, nikasukuma hatua kumi, yakajaa tena. Niliibeba baiskeli begani karibu saa nzima, huku kila kiatu kimejishonea soli nyingine ya udongo, kizito kama jiwe la kusagia. Tangu siku hiyo, masika yanapoanza mwezi wa Machi sikanyagi udongo mweusi mpaka mwezi wa Juni.

Hata udongo mwekundu una siku zake za kuachwa upumzike. Ukifika mahali njia inapoanza, chota udongo, ufinye kiganjani kisha ufungue mkono. Ukimomonyoka, endelea na safari yako. Ukibaki donge linalong'aa lenye alama za vidole, geuza urudi nyumbani, au ukimbie kwenye barabara pana zenye kokoto. Magurudumu yanayopita kwenye udongo wa namna hiyo huchimba mifereji, mvua inayofuata hupitia mifereji hiyohiyo, na baada ya wiki chache kijia kimekuwa korongo. Jambo hili naliona kwa uzito mkubwa, kwa sababu Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda mti Karura, wakiupinga mpango wa kugawa msitu huo kwa wajenzi. Msitu wa hekta zipatazo elfu moja, katikati ya jiji, ulibaki kwa gharama hiyo. Ukikuta dimbwi njiani, basi, pita katikati yake hata kama utaloa. Kila anayelizunguka huipanua njia kwa upana wa kiatu chake, na miche iliyo pembeni hufa.

Kwa baiskeli, masika yanataka tairi lenye meno marefu yaliyoachana ili matope yapate pa kutokea. Punguza upepo wa tairi kidogo tu. Mtu wa kilo sabini anaweza kuushusha kutoka pauni 30 kwa inchi ya mraba hadi 26 hivi, lakini akishuka zaidi huku ana tyubu ndani, tyubu itabanwa kati ya rimu na jiwe na kupasuka mara mbili kwa mpigo. Hatari kubwa zaidi ni mizizi iliyoloa. Funga breki ukiwa bado kwenye udongo, ziachie unapofika kwenye mzizi, na uupite moja kwa moja bila kuukata kimshazari, kwa sababu gurudumu la mbele likiuparaza mzizi kwa pembeni, utajikuta chini kabla hujajua kilichotokea. Mkimbiaji naye afupishe hatua anaposhuka, mguu utue chini ya mwili wake, si mbele yake, na macho yatangulie hatua nne au tano.

Kuna pia siafu. Mvua inapowatoa ardhini, hukata njia kwa mstari mweusi unaofanana na kamba iliyoangushwa, na mtu akisimama juu yake kurekebisha mnyororo, watapanda kimya hadi magotini kabla hajaumwa na wa kwanza. Tazama unapoweka mguu kabla ya kushuka kwenye baiskeli, na ukiona mstari huo, uruke bila kusita.

Ukifika nyumbani, kazi haijaisha. Usiipeleke baiskeli kwa waosha magari, maana maji ya mashine yenye nguvu husukuma mchanga na unyevu ndani ya beringi, na fundi atakutoza kuzibadilisha kabla mwaka haujaisha. Ndoo moja, kitambaa na mswaki mkuukuu vinatosha. Sugua mnyororo, ufute hadi kitambaa kitoke kikavu, kisha tia tone moja la oili nzito kwenye kila pingili, subiri dakika chache, na ufute tena oili iliyobaki nje, kwa sababu ndiyo inayokamata mchanga. Viatu vya kukimbilia vijaze gazeti la jana, ulibadilishe linapoloa, na uviweke penye upepo. Ukiviweka kando ya jiko, gundi huyeyuka na soli hubanduka.

Kuanzia Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe, mawingu hukaa chini, na alfajiri joto hushuka hadi nyuzi 12 za Selsiasi, pengine chini ya hapo. Kwangu huu ndio msimu mzuri kuliko yote wa kukimbia mbali, kwani mwili hauchemki na vumbi limetulia. Vaa nguo nyepesi mbili badala ya moja nzito, na unywe maji hata kama husikii kiu. Milima ya Ngong, inayofika mita 2,460, ina upepo mkali uliofanya mitambo ya umeme isimikwe pale, kwa hiyo jaketi la kuzuia upepo halikwepeki. Nenda na wenzako, mwombe askari wa msitu awasindikize, na usijitenge na kundi kwa sababu ya kasi yako. Nyasi za huko zina kupe. Ukirudi, jikague kiunoni na nyuma ya magoti.

Kiangazi cha Januari na Februari huleta jua kali na miiba. Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kukipambazuka, umalize kabla ya saa nne. Kokoto laini juu ya udongo mgumu huteleza kama mtama uliomwagwa sakafuni, kwa hiyo punguza mwendo kabla ya kona, kamwe si ndani yake. Mwiba wa mgunga hupenya tairi lolote la kawaida. Beba tyubu ya akiba, viraka, solusheni na pampu, na kabla ya kuvalisha tyubu mpya, pitisha vidole polepole ndani ya tairi lote mpaka uupate mwiba uliobaki, la sivyo utaziba pancha ileile mara mbili. Oili ya mnyororo sasa iwe nyepesi. Huu pia ni wakati mzuri wa kupeleka baiskeli hifadhi ya wanyama ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, ambako wageni huruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Nyati wapishe mbali. Usiingie kwenye korongo la hifadhi hiyo ikiwa kuna wingu zito popote kwenye upeo wa macho: Septemba 2019 maji ya ghafla yaliwaua watu saba mle ndani, na maji ya namna hiyo yanaweza kutoka kwenye mvua iliyonyesha mbali.

Vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, ina hila yake. Mvua ya kwanza huangukia vumbi la miezi mingi na kulifanya utelezi wa sabuni, mbaya kuliko matope ya Aprili, kwa hiyo siku mbili za mwanzo hazifai kwa mteremko wowote. Asubuhi mara nyingi huwa shwari, ngurumo zikaja alasiri. Ukipanga kwenda Ngong mwezi wa Novemba, hesabu safari yako ili saa sita mchana uwe umeshashuka kutoka mgongo wa mlima, na ukisikia radi kabla ya hapo, geuza hata kama kilele unakiona.