Kabla hujaingiza kochi, anza na pangaboi
Kama mafundi wamemaliza na unajiandaa kuhamia, usikimbilie ufagio. Vumbi la jipsamu na saruji ni jepesi. Ukilifagia kavu linapaa, kesho limerudi palepale. Vaa barakoa, fungua madirisha, anza juu: mapanga ya pangaboi, kingo za dari, juu ya milango, nyavu za madirisha. Sakafu iwe ya mwisho, kwa dekio lenye maji, ubadilishe maji kila chumba.

Na tafadhali, yale maji mazito ya saruji usiyamwage kwenye sinki wala bafuni. Tope linatuama ndani ya bomba na kuganda. Kwangu Tabata tulilazimika kuvunja marumaru mpya kabisa kulizibua. Acha ndoo itulie usiku kucha, mwaga maji ya juu nje, tope lizoe utupe na taka.